Paneli ya Mlango Haitaki Gundi

Masika yakishika kasi Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, mafundi seremala huanza kuitwa nyumba kwa nyumba, randa mkononi. Mlango wa chumbani umegoma kufungika. Wa jikoni unafungika kwa kusukumwa na bega. Fundi anang'oa bawaba, anapiga randa ukingo, anaurudishia mlango, analipwa na kuondoka. Miezi michache baadaye hewa inakauka, na mlango uleule unaacha mwanya unaomwezesha mtu aliyekaa sebuleni kuona taa ya chumbani. Ukingo uliorandwa umebaki mtupu, hauna rangi, na mvua zijazo utakunywa maji kuliko mwanzo.

Wenye nyumba wengi wamekwisha kubali kwamba ndivyo mbao zilivyo. Wengine wamekata tamaa na kuhamia kwenye milango ya chuma na alumini. Huko ni kuuhukumu mti kwa kosa la karakana. Mlango wa paneli ulibuniwa makusudi ili mbao zitanuke na kunywea bila mlango kuharibika, na ukitengenezwa sawasawa, ukapakwa rangi sawasawa, hufungika masika na kiangazi. Unaokwama kila mwaka uliharibiwa siku ulipounganishwa, na mara nyingi ulimalizwa na mpaka rangi.

Ubao hauachi kushughulika na hewa hata baada ya mti kukatwa miaka hamsini. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, nyuzi zake hunywa maji na kuvimba. Hewa ikikauka, huyarudisha na kusinyaa. Katika joto la kawaida la pwani, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huufikisha ubao kwenye maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukishuka hadi asilimia 50, ubao huohuo hutulia karibu na asilimia 9. Hakuna msumari, gundi wala rangi iliyowahi kuuzuia mwendo huo. Kinachowezekana ni kuupunguza kasi na kuutafutia nafasi.

Mwendo wenyewe hauko sawa kila upande, na hapo ndipo ufundi wote ulipo. Kwa urefu wa nyuzi, ubao mzuri hausogei kiasi cha kumsumbua mtu. Kwa upana, husogea sana. Mtiki, ambao ni miongoni mwa miti mitulivu inayopandwa Afrika Mashariki, hunywea asilimia 5.8 kwa upana ukikaushwa kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, ikiwa ubao umepasuliwa kufuata mzunguko wa pete za mti. Ukipasuliwa kutoka moyoni kuelekea ganda, hunywea asilimia 2.5 tu. Tuchukue paneli ya mtiki yenye upana wa milimita 400, iliyopasuliwa kwa namna ya kwanza. Maji yake yakishuka kutoka asilimia 16 hadi 10, itapungua zaidi ya milimita 4. Huo ni mwendo wa kutosha kupasua ubao katikati ikiwa kingo zake zote mbili zimebanwa.

Sasa tuupime mlango mzima. Mbao za mtiki zikigundishwa ubavu kwa ubavu hadi upana wa milimita 800, mlango huo utasogea zaidi ya milimita 9 kati ya msimu na msimu. Hakuna miimo inayoachiwa nafasi hiyo. Lakini mlango wa paneli una mbao mbili za wima pembeni, kila moja yenye upana wa milimita 100 hivi; zilizobaki ni mbao za mlalo, ambazo urefu wake hausogei, na paneli zinazoelea ndani ya mifereji. Upana wa mlango mzima unategemea zile mbao mbili za wima tu. Mwendo unashuka hadi milimita 2 na ushei. Mlango ukiachiwa milimita 3 kila upande unafungika mwaka mzima.

Akili hii si ngeni. Huko Herculaneum, mji wa Kirumi uliofunikwa na Vesuvius mwaka 79, kumebaki kizigeu cha mbao chenye milango ya paneli, kimegeuka mkaa lakini muundo wake unaonekana hadi leo. Karibu zaidi na nyumbani, anayetembea Mji Mkongwe wa Unguja ataona milango ya mtindo wa Kigujarati kwenye mitaa ya maduka: mbawa zinazokunjwa, zimegawanywa miraba midogo midogo, kila mraba na kibao chake. Macho ya mgeni hukimbilia nakshi. Seremala anapaswa kutazama vile vibao vidogo: kadiri kibao kinavyopungua upana, ndivyo mwendo wake unavyopungua, na katika hewa ya chumvi na unyevu ya kisiwa hilo ni jambo kubwa.

Basi kwa nini milango ya paneli ya siku hizi inapasuka?

Sababu ya kwanza ni gundi kuwekwa mahali pasipostahili. Gundi ya mlango wa paneli ina makazi yake: kwenye ulimi wa ubao wa mlalo unaoingia katika tundu la ubao wa wima. Hapo tu. Paneli yenyewe inakaa mferejini bila gundi na bila msumari wa pembeni. Fundi anayepaka gundi mferejini huwa na nia njema. Anaogopa paneli itacheza, mteja atausikia mlango ukigonga upepo ukivuma na kusema kazi ni mbovu. Dawa ya kugonga ipo. Paneli inashikwa kwa msumari mmoja mdogo katikati ya ukingo wa juu na mwingine katikati ya ukingo wa chini. Inabaki imetulia katikati, kisha inatanuka na kunywea kwa usawa kwenda kushoto na kulia.

Nafasi ya mferejini inahesabiwa, haikisiwi. Mfereji wa kina cha milimita 12 ukipokea paneli kwa milimita 8 kila upande, zinabaki milimita 4 kila upande za kutanuka, na paneli ina milimita 8 za kunywea kila upande kabla haijachomoka. Juu na chini milimita moja au mbili zinatosha, kwa sababu nyuzi za paneli kwa kawaida husimama wima. Na msimu nao uingie kwenye hesabu. Paneli inayofungwa kiangazi iko katika wembamba wake. Iachiwe nafasi kubwa zaidi. Inayofungwa katikati ya masika imekwisha vimba, haihitaji nafasi kubwa ya kuendelea kuvimba, bali iingie zaidi mferejini ili ikikauka isionyeshe mwanga.

Kuna dosari nyingine ndogo ambayo huwapata hata mafundi makini. Gundi ya ulimi ikikamuliwa na klampu hutiririka hadi kona ya paneli na kuishika hapo hapo. Paneli iliyoachwa huru kwa makini yote inakuwa imefungwa kwenye kona nne bila mtu kujua. Mshumaa unamaliza tatizo hilo: kona za paneli zisuguliwe nta kabla ya kuunganisha, gundi haitashika. Na pale ambapo paneli inazibwa kwa vipande vyembamba vya mbao badala ya mfereji, misumari ya vipande hivyo ielekezwe kwenye fremu ya mlango, yaani zile mbao za wima na za mlalo, isiiguse paneli hata kidogo.

Ubao wa mlalo wa chini unahitaji neno lake. Mara nyingi huwa na upana wa milimita 200 au zaidi, na ulimi wake wote ukigundishwa ndani ya ubao wa wima, mmoja unataka kusogea na mwingine umesimama. Baada ya misimu kadhaa kiungo hulegea au ubao hupasuka. Mafundi wa zamani waliukata ulimi huo kuwa ndimi mbili zenye nafasi katikati, kila moja na tundu lake. Kazi inaongezeka kidogo, lakini mlango unadumu.

Hadi hapo ni kazi ya seremala. Rangi ndiyo inayosahaulika, na kwa mlango wa kupakwa rangi ndiyo inayoamua mengi.

Kuna imani kwamba mlango ukishapakwa rangi ya mafuta umefungwa, maji hayaingii tena. Rangi nzuri hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, haiuzuii. Masika ya wiki nyingi hupenya. Kwa hiyo rangi ipangwe kwa kujua kwamba paneli itasogea chini yake. Utaratibu sahihi ni kupaka paneli kabla haijaingia mferejini: msasa, praima pande zote mbili na kingo zote, kisha angalau mkono mmoja wa rangi yenyewe. Ndipo mlango uunganishwe. Fundi akiunganisha kwanza na kupaka baadaye, kiangazi cha kwanza kitamwaibisha: paneli itanywea, na pembeni utatokea mstari wa ubao mtupu, mweupe au wa kahawia, kwenye mlango wa bluu.

Jambo baya zaidi ni puti. Mpaka rangi akiona mwanya kati ya paneli na fremu hushikwa na hamu ya kuuziba, apate mlango laini kama ukuta. Anajaza puti ngumu, anapiga msasa, anapaka mikono mitatu. Mlango unapendeza siku ya kukabidhiwa. Puti na rangi vikikauka vinaishika paneli karibu kama gundi, na paneli ikianza kunywea hutafuta mahali dhaifu pa kuachia: ama rangi inachanika kwa mstari mbaya pembeni, ama ubao unapasuka katikati. Mwanya ule ni sehemu ya mlango. Hata rangi ya mwisho ikiujaza kidogo, kisu chembamba kipitishwe kando ya paneli kabla rangi haijakaza, ili paneli na fremu visishikamane.

Mteja naye ana la kujifunza. Pale ubao wa wima unapokutana na wa mlalo, baada ya mwaka mmoja au miwili huonekana ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi. Huo si ubovu. Ubao wa wima unasogea kwa upana, wa mlalo hausogei kwa urefu, na rangi iliyokatiza mpaka wao inalipa gharama. Rangi za maji za akriliki hunyumbuka zaidi. Rangi ya mafuta huwa ngumu zaidi kadiri inavyozeeka, na ufa huonekana mapema. Mwenye nyumba anayezuia fedha ya fundi kwa sababu ya mstari huo anamwonea.

Lakini asimwachie kingo. Mlango hupakwa ukiwa umeshasimama kwenye bawaba, na mtu aliyesimama mbele yake haoni ukingo wa juu wala wa chini. Hivyo kingo hizo mbili huachwa. Nazo ndizo zenye kiu kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo ncha za nyuzi za mbao za wima zilipo, na maji huingia kupitia ncha hizo haraka kuliko kupitia uso wa ubao. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hudekiwa kila siku. Kila asubuhi tambara lenye maji linapita chini ya mlango, na kila asubuhi ncha zile zinakunywa. Rangi ya chini ya mlango huvimba na kubanduka sentimita chache kutoka sakafuni, na watu hulaumu kampuni ya rangi. Tiba yake ni praima na mikono miwili ya rangi kwenye ukingo wa chini, mlango ukiwa bado umelazwa mezani.

Pande mbili za mlango nazo zitendewe sawa. Mlango wa mbele unaopakwa mikono mitatu nje na mmoja ndani hunywa na kutoa maji kwa kasi mbili tofauti, na matokeo yake ni mlango uliobetuka.

Yote haya ni bure ikiwa mbao ni mbichi. Hapo ndipo penye kidonda kikubwa zaidi, na si haki kumtwika fundi peke yake. Tazama biashara inavyokwenda Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi. Mteja analipa malipo ya awali leo, fundi anakwenda kununua mbao leo, mlango unatakiwa baada ya wiki mbili. Fundi asiye na mtaji hawezi kuweka akiba ya mbao zikauke kwa miezi kadhaa. Anaranda ubao ambao bado una baridi ya maji kiganjani. Mti wenyewe mara nyingi ni msonobari uliovunwa ukiwa mchanga kutoka mashamba ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na mbao za miti michanga hupinda na kunywea hata kwa urefu, jambo ambalo mbao zilizokomaa hazilifanyi.

Elimu ya kukausha ipo. Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, na useremala unafundishwa katika vyuo vya VETA vya Tanzania. Wala si lazima kuwa na tanuri. Mbao zipangwe juu ya vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite kati yake, ziinuliwe kutoka ardhini, ziwe chini ya paa, na ncha zake zipakwe rangi zisipasuke. Asiye na kipima unyevu achukue kipande kimoja na kukipima kwa mizani ya dukani kila wiki. Uzito unaposhuka, ubao bado unatoa maji. Uzito ukisimama wiki kadhaa mfululizo, ubao umetulia na hewa ya mahali hapo.

Maneno "ya mahali hapo" yana uzito. Tangu serikali ya Tanzania ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi umefurika katika mji ambao mvua zake huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili, kisha hewa inakaa kavu kwa miezi mingi. Mlango uliotengenezwa pwani, ukatulia vizuri pwani, bado utanywea ukifikishwa huko. Fundi wa Dar es Salaam anayepokea kazi ya Dodoma aipe paneli kina kikubwa zaidi mferejini, au apeleke mbao Dodoma zikae kwanza, aunganishe baadaye.

Kuna nafasi moja ambayo wenye nyumba wa Afrika Mashariki wanayo na hawaitumii. Watu wengi hapa hujenga taratibu, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, paa fedha ikipatikana. Nyumba inachukua miaka, lakini mbao za milango zinanunuliwa wiki ya mwisho. Zikinunuliwa mara paa linapoezekwa, zikapangwa kwenye chumba kimoja, zitakuwa zimekauka na kuizoea hewa ya nyumba hiyo kabla fundi hajaitwa. Gharama haiongezeki, kinachobadilika ni tarehe ya kununua. Tahadhari ni moja: lipu na sakafu mpya hutoa maji mengi hewani kwa wiki nyingi. Wakati huo mbao zitolewe nje chini ya kibanda, na milango isifungwe mpaka kuta zikauke.

Swali la aina ya mti linajadiliwa mno kuliko linavyostahili. Mninga ni mtulivu sana, husogea kidogo kuliko miti mingi, na kwa vanishi hauna mpinzani. Kuufunika kwa rangi ni kupoteza mali, tena mali inayozidi kuwa adimu. Mwaka 2022 miti ya jamii yake barani Afrika iliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe. Kwa mlango wa ndani wa kupakwa rangi, fremu ya msonobari mkavu uliokomaa na paneli za plaiwudi au MDF ni chaguo la busara. Plaiwudi ina matabaka yanayopishana nyuzi, yanazuiana. MDF haina nyuzi za kuvuta upande mmoja. Hizo ndizo paneli pekee zinazoweza kugundishwa mferejini bila hofu, na zikigundishwa huupa mlango uimara. MDF ya kawaida isipelekwe bafuni wala mlango wa nje, kwa maana ikivimba kwa maji hairudi tena.

Anayeweza kubadilisha hali hii haraka kuliko wote ni mnunuzi mkubwa. Tanzania ilipopata fedha za kukabili athari za UVIKO-19 mwaka 2021, zaidi ya shilingi trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000 kwa kasi ili wanafunzi waingie Januari 2022. Darasa halikai bila mlango. Oda za namna hiyo, iwe ni shule, zahanati au nyumba za watumishi, hueleza kwa makini ukubwa wa mlango, aina ya mbao na kitasa. Zieleze pia kiwango cha juu cha maji ndani ya mbao kulingana na mkoa, paneli ya mbao ikae bila gundi na ipakwe kabla ya kuunganishwa, na pande zote sita za mlango zipakwe. Mkaguzi aende karakanani wakati fremu ziko wazi, kwa sababu baada ya rangi hataona kitu. Halmashauri zitoe muda wa kukausha na malipo ya awali ya kununulia mbao mapema, la sivyo zinamwagiza fundi afanye kazi mbovu kisha zinamlaumu.

Mwenye nyumba hana mkaguzi, ana mikono yake. Kabla ya kumaliza kulipa, aulaze mlango na kuupapasa ukingo wa chini. Aisukume paneli kwa kiganja kuelekea pembeni. Ya mbao ikisogea kidogo, imeachwa huru; isiposogea, amuulize fundi kama imeshikwa kwa msumari wa katikati au kwa gundi. Amuulize fundi mbao zilinunuliwa lini na zilikaa wapi. Na ukingo wa chini ukiwa haujapakwa rangi, fedha ya mwisho isitoke mpaka upakwe.